Mzigo wa Kwenda Kuzaa

Mavyaa yangu, mama yake mume wangu, ndiye aliyenikataza kwenda hospitali mimba ya kwanza, na ndiye aliyenihimiza niende mimba ya pili. Ningekuwa na akili iliyotulia ningeshtuka siku ile ile. Lakini miguu ilikuwa imevimba, mgongo unaniuma, na mtu aliyechoka akihurumiwa hufurahi tu, haulizi.

Tulikuwa tukikaa Gombani, nje kidogo ya mji wa Chake, katika nyumba ya udongo ambayo mume wangu aliijenga kwenye kiwanja cha mama yake. Mavyaa akikaa nyumba ya pili. Akikohoa namsikia, nikicheka ananisikia. Kwetu ni Makoongwe, kisiwa kilicho mkabala na Mkoani, na nilipoolewa Gombani nilikuja peke yangu, sina ndugu wala rafiki.

Uchungu wa mimba ya kwanza ulinianza asubuhi. Nilimwomba mavyaa anipeleke hospitali ya mjini, mwendo wa kwenda kwa miguu. Akanitazama kama niliyesema neno la aibu.

"Huko utatiwa mikono na wanaume," alisema. "Mie nimezaa wote hapa, juu ya mkeka. Weye una nini cha kuwazidi wenzio?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilishinda na uchungu siku ile, nikalala nao, nikaamka nao. Alipotoka mtoto alikuwa wa kiume, ana nywele nyingi, kila kiungo kiko mahali pake. Hakulia. Mavyaa alimfunika kwa upande wa kanga, akasema Mungu kampenda zaidi. Kisha akanambia nipunguze sauti, majirani wanasikia.

Mambo mengi ya siku zile nimeyasahau, lakini hilo la kupunguza sauti sijalisahau, na sina nia.

Nilipopata mimba ya pili nilikwenda kliniki mwenyewe, sikumwomba mtu ruhusa. Nesi aliniuliza ya kwanza ilikuwaje, nikamwambia. Akaniamuru nisingoje uchungu. Mwezi ukitimia nije nikae wodini, nizalie pale pale chini ya macho yao. Nikarudi nyumbani nimejitayarisha kwa vita. Hakukuwa na vita.

"Safari hii hospitali, mwanangu," mavyaa alisema kabla sijafungua mdomo. "Tusicheze na roho. Na ukitoka huko, nenda kwenu Makoongwe kwa mama yako, ukae mpaka arubaini itimie. Pumzika. Hapa usipawaze."

Basi nikaona mtoto wangu aliyekufa amemfunza. Hata nilimwombea dua kheri, Mungu anajua.

Akawa kila asubuhi anapita kuniuliza. "Umeanza kufunga mzigo? Funga mapema, mwanangu. Siku hazingoji mtu." Akaleta chokaa, akaita watu wakapaka kuta za chumba changu, nyeupe mpaka zinaumiza macho. Nilipouliza chokaa ya nini, alisema ya mtoto. Mume wangu naye akawa mpole. Alikuwa akizunguka vijijini kununua karafuu kwa niaba ya tajiri mmoja wa mjini, akirudi jioni amechoka na hasira zake, lakini mwezi ule alirudi akicheka. Nilikuwa namshonea kofia, kazi ya miezi, kila tundu limezungushwa uzi kwa sindano. Akawa haachi kuuliza nitaimaliza lini. Nikafurahi kwamba anaithamini kazi yangu.

Kulikuwa na bibi mmoja wa jirani akitunga asumini na kufunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia wanavyovaa wanawake. Wanawake wa Gombani wote walinunua maua kwake. Siku moja alinikuta uani nashona, tumbo limenifika magotini, akachutama karibu yangu.

"Mumeo kaniagiza vikuba vya Ijumaa," alisema. "Na asumini ya kutandaza kitandani, ijae sinia. Sasa weye utakuwa hospitali. Nikizileta hapa ntampa nani? Au nimpelekee mavyaa yako?"

Aliuliza kwa wema. Kisha akaniona uso, akajua nilikuwa sijui. Akaweka mkono mdomoni.

"Bi, niambie," nilisema. "Umeshaanza, maliza."

Akamaliza. Mume wangu anaoa Ijumaa, binti wa upande wa Wete. Mavyaa ndiye aliyekwenda kuposa. Wamengoja mimi niingie hospitali ili wamlete bibi harusi nyumbani kwangu, kwenye chumba kilichopakwa chokaa, nami nikitoka arubaini nimkute ameshazoea. Na tangu hapo niwe nakaa chumba cha nyuma, kile chenye magunia.

Sikulia. Nilikuwa nimeshaambiwa mara moja nipunguze sauti, sikutaka kuambiwa mara ya pili. Nilikata uzi kwa meno, nikaikunja ile kofia. Nikamwambia yule bibi, "Maua yao watungie kama walivyokuagiza. Wala usiseme kama nimejua."

Alipoondoka niliingia ndani, nikasimama katikati ya chumba changu nikaanza kutazama vitu. Kitanda alikichonga marehemu baba yangu kwa mti wa mfenesi, kikavushwa kutoka Makoongwe kwa mashua wiki ya harusi. Kimewambwa kwa kamba za kumbi za nazi alizozisokota mama kwa mkono wake. Godoro ni la sufi, mama alilijaza mwenyewe. Mito, chandarua, mikeka, sufuria, vyungu, sinia la shaba, kandili mbili, vyote vimetoka kwetu. Cha mume wangu katika chumba kile kilikuwa kuta na sanduku la nguo zake.

Sanduku nikalifungua. Juu kabisa palikuwa na kanzu mpya, imetariziwa shingoni kwa hariri, imefukizwa udi. Nikainusa. Nikaanza kufunga mzigo.

Mavyaa alikuwa hajaingia hospitali maisha yake yote. Alijivunia hilo. Kwa hivyo chochote nitakachosema kinatakiwa huko, hana wa kumuuliza. Siku ya kuondoka mume wangu hakuwapo, amekwenda Wete, "mambo ya karafuu" alisema, hatarudi mpaka Alhamisi. Mavyaa aliniletea gari ya ng'ombe asubuhi mapema. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitafuta, kwa mimi ambaye mara ya kwanza sikupatiwa hata mtu wa kunishika mkono. Akakaa kizingitini kunisubiri.

Kwanza nilitoa kikapu chenye kanga, sabuni na nguo za mtoto. Akakipokea. Kisha nikatoa sufuria.

"Za nini hizo?"

"Uji wa mzazi, mama. Kila mtu na vyombo vyake."

Akazipokea. Nikatoa mito. Akapokea. Nikatoa chandarua, akasema, "Hata chandarua hawana?" Nikamwambia mbu wa hospitali ni wakali. Lakini nilipoanza kulikunja godoro pale sakafuni alisimama.

"Godoro! Hebu ngoja kwanza. Hospitali gani isiyo na godoro?"

"Wana vitanda vya chuma," nilisema. Nikaketi juu ya godoro lenyewe, polepole, nikashika kiuno. "Lakini kama unaona vibaya, mama, basi. Tuache. Nitazaa hapa hapa, juu ya mkeka, kama mara ya kwanza. Mwite mkunga."

Natamani ungeuona uso wake. Aliliangalia godoro, akaniangalia mimi, akaiangalia gari njiani. Nilijua anaihesabu Ijumaa kichwani.

"La, la! Chukua, mwanangu. Chukua, usije ukaumia mgongo."

Akalishika upande mmoja, mimi upande mwengine. Tangu hapo kila alipotaka kuuliza nilimwambia neno lile lile, basi nizae hapa hapa, naye akanyamaza akabeba. Alibeba sinia la shaba. Alibeba kandili zote mbili. Alibeba mikeka kichwani, mwanamke aliyezoea kutuma. Mimi nilikuwa nimeshaziwambua kamba za kitanda alfajiri, nikazitumia kufungia mafurushi, ikabaki fremu ya mfenesi imesimama na miguu yake minne mbele ya chokaa nyeupe. Hakuiona. Alikuwa na haja na mlango ninaotokea, si na nyumba ninayoiacha.

Miaka ile siasa ilikuwa imeingia mpaka visimani, watu wananuniana kwa sababu ya vyama, na wengine walikuwa wakiondoshwa katika mashamba ya wenyewe na vyombo vyao kichwani. Basi tulipopita njiani na gari limejaa vile, mzee mmoja aliyekuwa akienda sokoni alisimama akatupa pole.

"Poleni jamani. Mmefukuzwa shamba gani?"

"Hatukufukuzwa!" mavyaa alijibu kwa hasira. "Tunakwenda kuzaa!"

Yule mzee alinitazama mimi, akalitazama godoro, akashika njia yake. Nililazimika kuinamisha kichwa, nikajifanya uchungu umenibana.

Mama yangu na kaka yangu walikuwa wakitungoja kwenye geti la hospitali. Nilikuwa nimewapelekea habari. Nesi wa zamu alitoka, akashika kiuno.

"Huyu anazaa au anahamia?"

"Anahamia," mama alisema, macho yake kwa mavyaa. Alisema kwa adabu kabisa.

Sijui kama mavyaa alielewa hapo. Nadhani alianza kuelewa kaka alipoyatenga mafurushi, kikapu akanipa mimi, vyengine vyote akavipakia kwenye gari la abiria la Mkoani. Mavyaa alifungua mdomo. Kaka akamwamkia, "Shikamoo, mama," akapanda. Gari likaondoka. Hakuwa na la kusema ambalo lisingemtaja bibi harusi.

Kile kikapu ndicho nilichoingia nacho wodini. Chini ya kanga kulikuwa na ile kanzu. Mwenzangu wa kitanda cha pili alikuwa fundi wa kushona, ana mkasi, akanitazama ninavyoikunjua.

"Dada, hiyo si kanzu ya harusi?"

"Ndiyo."

"Unaifanyia nini?"

"Vitambaa vya kumpiga mtoto winda."

Nikamweleza, yeye na wote waliokuwa macho mle ndani. Hakuna aliyeniambia nisamehe. Mmoja aliyekuwa amezaa jana alisema kitambaa kipya kitamkwaruza mtoto, lazima kifuliwe kwanza kilainike. Tukaifua. Ilipokauka tukaikata, mimi na yule fundi, na wawili watatu wengine waliojikokota wakaja kushika pindo. Kanzu ya mtu mzima inatoa winda nyingi. Shingo yenye tarizi ya hariri niliiacha nzima, kipande cha peke yake.

Nilizaa Jumatano mchana. Uchungu wenyewe sitausimulia, kila aliyezaa anaujua. Nitasema tu kwamba mtoto alipotoka pakawa kimya kidogo, na katika kimya kile nilirudi juu ya ule mkeka, nikaiona ile kanga ikishuka. Kisha akalia. Alilia kwa ghadhabu, kama aliyedhulumiwa, na mimi nikalia juu yake, kwa sauti yangu yote, wala hapakuwa na mtu wa kunambia nipunguze. Alikuwa mtoto wa kike.

Alhamisi jioni, saa za kutazama wagonjwa, mume wangu aliingia. Alitoka Wete akakuta nyumba imebaki kuta. Baadaye yule bibi wa asumini alinihadithia mavyaa alivyozunguka Gombani nzima kuomba godoro la kuazima, na wanawake walivyomjibu. Mmoja alisema lake limelowa. Mmoja alisema lake lina kunguni. Mmoja akamuuliza kwani lile la mkweo liko wapi, hali alimwona kwa macho yake analibeba.

Mume wangu alisimama miguuni pangu. Hakumwangalia mtoto.

"Vitu viko wapi?"

"Kwetu."

"Na kanzu yangu iko wapi?"

"Kanzu gani?"

"Usinifanyie ujinga. Kanzu mpya. Kesho n'na shughuli."

"Shughuli gani?" nilimuuliza.

Wodi ilikuwa imejaa watu, wazazi na jamaa zao waliokuja kuwatazama. Wote wakatugeukia. Alitazama huku na huku. Ningeweza kumwachia hapo, na sikumwachia.

"Niambie shughuli gani, na mimi mkeo nikuombee dua."

"Naoa," alisema, chini chini.

"Sikusikia."

"Naoa! Ni haki yangu, au si haki yangu?"

"Ni haki yako," nilisema. "Nani kakukatalia kuoa? Mimi nimekukatalia godoro."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Nikamfunua mtoto. Alikuwa amepigwa winda ya kile kipande cha shingo, tarizi ya hariri imezunguka matako yake, na kwa bahati, au kwa kuwa damu yake ni yangu, alikuwa ameshakichafua.

"Kanzu yako hii," nilimwambia. "Mwanao kakutangulia kuivaa. Ukiitaka, ngoja nikufulie."

Alinyoosha mkono kama atakayenipiga, au pengine kama atakayemgusa mtoto, mpaka leo sina hakika. Nesi alimwambia saa imekwisha. Ilikuwa haijakwisha.

Harusi ilifanyika. Sikusema niliizuia. Aliolea kanzu ya kuazima iliyomwonesha vifundo vya miguu, na kofia kuukuu, kwa sababu ile mpya kaka yangu alikuwa anaswalia Ijumaa kwetu Makoongwe. Bibi harusi alipofikishwa Gombani, shangazi yake aliyemleta aliingia chumbani mbele yake. Alikuta chokaa nzuri, fremu ya kitanda isiyo na kamba, na sinia la asumini limewekwa sakafuni kwa kukosa pa kuyatandaza maua. Ikabidi mavyaa atoe godoro lake mwenyewe, na yeye akalala juu ya mkeka. Kila aliyenihadithia alilisema hilo kwa haraka ili afike kwenye habari za shangazi, aliyewatukana. Mimi niliwarudisha nyuma. Niambieni tena alivyolala. Mkeka gani? Aliamkaje?

Baada ya wiki yule binti alirejeshwa kwao, mpaka nyumba itakapotiwa vitu. Ilichukua muda mrefu. Alirudi, akazaa, wakaishi kama watu wengine wanavyoishi. Sina kisa naye. Hakunijua na mimi sikumjua.

Arubaini ilipotimia mume wangu alikuja Makoongwe na wazee wawili kunichukua. Mama aliwapikia, wakala, wakashiba. Kisha nikaomba talaka mbele yao. Mume wangu alikataa, akasema atanining'iniza, nisiolewe nisiachwe. Nikamwambia ninayo kazi ya kushona na ninapo pa kulala, aning'inize apendavyo. Alichoka yeye kwanza. Talaka aliileta mtu aliyekuja Makoongwe kununua samaki.

Mwanangu alipoanza kutambaa, mavyaa akaja. Alivuka peke yake, bahari ilikuwa mbaya siku ile, akafika ametapika mpaka macho mekundu. Alikuwa amepungua. Akaketi barazani, akaweka chini furushi lake. Kulikuwa na gauni la mtoto, na bangili za fedha, na halua ya kumpa mama yangu.

"Nimekuja kumwona mjukuu wangu," alisema. "Nimpakate japo kidogo. Sijapata kumshika."

"Kalala," nilimjibu.

Mtoto alikuwa ndani na mama, na wala hakuwa amelala. Alikuwa anagonga kifuniko cha sufuria sakafuni, anacheka, anapiga kelele zile za watoto wakijisikia wenyewe. Tulikuwa tunamsikia sote wawili. Mavyaa alinitazama. Mimi nikamtazama. Nikamletea maji ya kunywa, kwa kuwa ni mgeni, nikakaa naye, nikamuuliza habari za Gombani, za kuku wake, za mvua.

Alikaa mpaka wenye mashua waliomleta wakamwita kwamba maji yanakupwa. Alipoinuka aliniuliza tena, kwa sauti ndogo, kama mtoto ameshaamka.

"Bado," nilisema.

Akashuka pwani. Nilimsindikiza mpaka nilipoona inatosha.